Soma Volti Kabla ya Kununua Betri

Msikilizaji, je, unatumia amplifaya ndogo ya hedifoni, ile ya betri ya mstatili ya volti 9? Basi nisikilize kidogo. Betri za kuchaji za nikeli za umbo hilo hazilingani. Nyingine zina seli 6 ndani, nyingine 7. Kila seli hutoa volti moja na kidogo tu. Yenye seli 6 inapwaya: ukipandisha sauti, muziki unaweza kukwaruza. Kwa hiyo soma volti. Ubavuni, kwa maandishi madogo, tafuta 8.4, ndiyo yenye seli 7. Narudia: nane nukta nne. Na tafadhali sana, betri isiyo ya kuchaji usiiweke kwenye chaja, inaweza kuvuja au kupasuka. Dukani, kabla hujalipa, geuza betri, soma volti.