Nembo na Mashine: Kompyuta Yetu ya Kwanza Ilikuwa ya Nani?



Nimekuja na kadi moja ya matundu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Iringa, na sijui aliipata wapi. Mama aliiweka katika Biblia yake kama alama ya ukurasa. Ina safu 80 za kusimama na mistari 12 ya kulala. Pembe moja imekatwa ili kadi iliyogeuzwa ionekane mara moja katika bunda. Tarakimu ni tundu moja, herufi ni mawili katika safu moja. Nilipojifunza kuisoma, niliinua kadi dirishani: A ni tundu la juu kabisa na lile la 1, R ni la pili kutoka juu na lile la 9. Kufikia safu ya sita nilikuwa nimesoma IRINGA.

Kwa kadi za namna hii ndivyo mashine zilivyolishwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha ilipofungiwa kompyuta ya kwanza nchini Tanzania. Iliitwa ICT 1500, na ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza. Lakini ndani ya kabati lake mlikuwa na RCA 301, mashine ya Marekani. Waingereza waliinunua wakaipa jina lao. Ufaransa, Bull waliiuza kwa jina Gamma 30. Japani, Hitachi wakaiita HITAC 3010. Mashine ni moja, nembo nne.

Hilo si kosa. Kule Kilolo mwenye mashine ya kusaga hununua injini ya Lister, akatafuta kinu kwa fundi mwingine, akaviunganisha kwa mkanda. Unga unatoka. Shida huja mkanda unapokatika Jumamosi asubuhi: injini inanguruma nje, kinu kimenyamaza ndani, na akina mama wamekaa na madebe yao. Hapo ndipo unapojua kama kuna mtu wa kumwendea.

Kompyuta kuu nayo ina kinu na injini, na ina yule kijana wa mlangoni anayepanga foleni: hili debe la dona, lile la kukoboa, huyu amelipa, yule bado. Kijana huyo ndiye mfumo endeshi. Mashine zilizofuata za ICT, aina ya 1900, zilikuwa na mfumo hodari ulioitwa George, uliopokea kazi za watu wengi na kuzigawia muda, kumbukumbu na printa. Ila George alizijua mashine za 1900 tu. Muundo wenyewe wa 1900 ulitoka Kanada, kwa Ferranti-Packard, na ulihesabu kwa maneno ya biti 24, ilhali 1500 ilihesabu herufi kwa herufi. Aliyeandika programu kwa mashine ya kwanza alilazimika kuiandika upya kwa ya pili.

Sasa tazameni tarehe. Mwaka 1968 ICT iliungana na wenzake ikawa ICL. Mwaka 1971 RCA iliacha kabisa biashara ya kompyuta na kuwauzia Sperry Rand. Haikupita miaka saba tangu mashine ifungwe Dar es Salaam, jina la muuzaji lilikuwa limekwisha na mtengenezaji ameondoka sokoni. Mikataba hiyo ilifanywa mbali, na hakuna Mtanzania aliyeulizwa.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kila hitilafu ilimsubiri mtaalamu wa nje. Wapo wanaoicheka marufuku ile. Mimi nakataa kuicheka. Maumivu yalikuwa ya kweli. Dawa ndiyo ilikosewa, kwa sababu iliwafungia nje vijana ambao wangejifunza kufungua kabati.

ICL yenyewe iliingia mkataba na Fujitsu mwaka 1981, na mwaka 1990 Fujitsu wakanunua asilimia 80 ya hisa zake. Waliokuwa na mashine za ICL walijikuta na mwenye mali mwingine, Mjapani.

Mwezi uliopita wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu walifungua seva moja ya maabara yetu. Nembo ya mbele ilikuwa ya kampuni moja. Kichakataji kilikuwa cha nyingine, kumbukumbu ya nyingine, diski ya nyingine, na mfumo endeshi ulikuwa na mwenyewe. Niliwaambia waandike kila jina ubaoni, na kando yake nani ana wajibu wa kukitengeneza kifaa hicho, mpaka lini, na kwa mkataba upi. Safu ya majina ilijaa kwa dakika tano. Safu ya pili bado tunaijaza, na nimekataza ubao usifutwe.