Je, Dawa ya Moto ni Moto? Mazungumzo na Vikundi vya Olkaria



Leo tuongee juu ya sinema. Vijana wanapenda sana zile za mtu mmoja anayeshika bunduki na kuwamaliza wakora wote. Nimechagua moja ya zamani ambayo nyingine nyingi zimeifuata: Death Wish, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1974. Mchezaji mkuu ni Charles Bronson.

Kisa ni hiki. Paul Kersey, mchoraji wa ramani za majumba, anaishi New York. Wakora watatu wanaingia nyumbani kwake, wanampiga mkewe hadi anakufa, na kumtendea binti yake unyama. Polisi hawamkamati mtu. Basi Kersey anaanza kutembea usiku na bastola, na kila anayetaka kumwibia anampiga risasi.

MAZURI YAKE

Kwanza, inasema kweli juu ya uchungu. Kersey anaambiwa na polisi kwamba tumaini la kuwapata wauaji ni dogo. Wangapi kati yetu wamejibiwa hivyo mbuzi walipoibwa? Mwenye kulipiza kisasi mara nyingi ni mtu aliyeumizwa na hakusikilizwa.

Pili, inaonyesha jinsi ukatili unavyoingia pole pole. Kersey ni mtu aliyekataa kubeba silaha katika vita vya Korea. Anaanza kwa kumpiga mwizi na soksi iliyojaa sarafu. Anapoua mara ya kwanza, anarudi nyumbani na kutapika. Baadaye hatapiki tena.

MAPUNGUFU YAKE

Kwanza, sisi watazamaji tunaona wazi kwamba kila anayepigwa risasi ni mkora. Hakuna anayesingiziwa. Lakini katika maisha, kelele ya "Mwizi!" haina macho. Jirani mnayegombania mpaka anaweza kupigiwa kelele hiyo, hata mgeni aliyepotea njia.

Pili, binti yule yuko hospitalini, hasemi neno. Sinema inakimbia na bastola, mgonjwa anaachwa nyuma.

Tatu, na hili ndilo kubwa: wale wakora watatu hawapatikani mpaka mwisho! Wote aliowaua Kersey ni watu wengine. Hata Brian Garfield, aliyeandika kitabu cha kwanza cha kisa hiki, hakupendezwa na filamu. Mwaka wa 1975 alitoa kitabu kingine kuonyesha ubaya wa kisasi.

KWETU JE?

Tusiseme hayo ni ya Marekani. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomwa moto. Mwisho wa mwezi huo huo, hapa jirani Naivasha, watu wengine walichomwa ndani ya nyumba, watoto wakiwemo, eti ni kulipiza. Je, watoto hao ndio waliochoma Kiambaa? Kisasi kilimpata aliyekuwa karibu, siyo aliyekosa.

Mtakatifu Paulo, katika Warumi sura ya 12, anatufundisha tumwachie Mungu kisasi. Lakini jamani, kumwachia Mungu kisasi siyo kumwachia mwizi mbuzi! Sheria ya Kenya inamruhusu raia kumkamata anayefanya kosa kubwa mbele yake, mradi amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumpiga hadi afe ni mauaji.

Hapa ndipo kikundi kina kazi. Mwenzetu akiibiwa, asiende kituoni peke yake. Watu watatu wamsindikize, wadai nambari ya O.B., waiandike katika kitabu cha kikundi. Shahidi akiitwa kortini, tumchangie nauli. Na aliyeumizwa tumtembelee, hata kesi ikichelewa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, nani aliwahi kusingiziwa wizi? Alisaidiwaje?
2. Kwa nini mashahidi wanaogopa kwenda kortini?
3. Wiki hii tutamtembelea nani aliyeumizwa?