Kijana wa Himbi na Shati Lake

Baada ya taarifa ya habari, yenye mengi mazito tangu mji wa Goma ulipotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, huenda ikaonekana upuuzi kumtaja kijana wa mtaa wa Himbi, mjini humo, ambaye, akienda kuoga katika Ziwa Kivu, hakubali kuvua shati, kwa kuwa chuchu zake zimevimba na wenziwe, waliokwishaota ndevu, humcheka. Mimi sioni upuuzi. Baleghe ya mvulana huanza baina ya miaka 9 na 14, na uvimbe ule, aghalabu, hunywea wenyewe kabla ya miaka miwili kutimia. Aliyepita 14 bila dalili yoyote ya baleghe ndiye apasaye kumwona tabibu. Ama vidonge vya kunenepesha vyenye deksamethasoni, ambavyo kijana huweza kushawishika kuvimeza ili aonekane mkubwa kama wenziwe, huweza kumvimbisha uso na kumdumaza kimo.