Nani Alipe Gharama ya Upasuaji wa Maskini?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za haki na amani

Nimeombwa nizungumze juu ya gharama za matibabu, na hasa za upasuaji. Nitasema kama mtu aliyeketi miaka mingi katika kamati za mchango, akihesabu noti za mia na za hamsini huku familia ya mgonjwa ikimtazama mikono.

Desturi yetu mnaijua. Mama anaambiwa na daktari kwamba uvimbe ulio tumboni lazima uondolewe. Ndugu wanaitana. Ng'ombe anauzwa, kisha shamba linaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Kadi za mchango zinachapishwa, nambari ya M-Pesa inatangazwa baada ya ibada, na ikiwa jamaa hao wanamjua mheshimiwa fulani, yeye huwa mgeni wa heshima. Mheshimiwa anatoa kitita mbele ya kamera na kupigiwa makofi, wala hakuna anayethubutu kumwuliza alisema nini Bungeni siku bajeti ya afya ilipojadiliwa.

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimeipinga harambee. Imewaokoa wengi, na mkono uliotoa shilingi hamsini ya mwisho ni mkono mtakatifu. Ninachosema ni kwamba harambee haina mizani ya haki. Mwenye ukoo mkubwa na rafiki kwayani atachangiwa. Mjane aliyehamia mtaani mwaka jana hana wa kumchapishia kadi. Uvimbe ni ule ule. Tena mchango huja baada ya ugonjwa kukomaa, kwa maana watu hukaa nyumbani na maumivu yao wakingoja fedha, na upasuaji ambao ungekuwa mdogo mwezi wa Januari huwa mkubwa ifikapo Agosti.

Mambo haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1965 serikali changa ya uhuru iliondoa ada katika zahanati na hospitali zake kwa wagonjwa wasiolazwa. Desemba 1989, huku Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine wakishikilia mkoba, ada zilirudishwa kwa jina la kupendeza la kuchangia gharama. Watafiti waliofuatilia kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi waliona idadi ya wanaume waliofika ikishuka hadi asilimia 40 hivi ya ile ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Magonjwa hayakupungua, wagonjwa walibaki nayo majumbani, wakiwaambukiza wenzao. Ada hizo zilisimamishwa mwaka 1990, zikarejea tena kidogo kidogo baadaye. Mwaka 2004 zikapunguzwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 zikaondolewa katika vituo hivyo vya serikali. Lakini kisu cha daktari hakiko zahanati. Kiko hospitalini, na huko bili iliendelea kuandikwa.

Katiba ya 2010, ambayo wengi walioketi hapa waliipigania kwa jasho, na wengine kwa damu, inasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Inaongeza kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikatia meno: hospitali yenye uwezo inayokataa kutibu dharura yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu. Basi mgonjwa anayevuja damu akiambiwa langoni alete kwanza malipo ya awali, yule aliyemsindikiza na alijue neno hilo, aliseme kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika.

Jambo jingine ni kifungo cha wodini. Mwaka 2010 wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani walizuiliwa humo kwa kukosa kulipa. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao, ikaamuru walipwe fidia. Deni ni deni, lidaiwe kama madeni mengine yanavyodaiwa. Mwili wa mama si rehani. Na hapa, Baba Paroko, uniwie radhi: Kanisa nalo lina hospitali, na zinasifiwa kwa upasuaji. Je, hati ngapi za mashamba ya maskini zimefungiwa katika kabati zetu wenyewe? Maaskofu tukiwasihi watetee wanyonge mbele ya serikali, tuwasihi pia waulize swali hilo kwa wasimamizi wao. Hospitali hizo hazina hazina isiyoisha, najua. Ndiyo maana swali liulizwe mezani, hesabu zikiwa wazi.

Sasa nije kwa bima. NHIF, iliyoundwa mwaka 1966, ilifunga milango yake, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikashika kazi. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali juu ya nyumba na maisha yake, naye hatozwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, lakini alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Ni 3,600 kwa mkupuo, kwa mama anayeuza sukuma wiki! Malalamiko mengine mnayo: hospitali zisizolipwa kwa wakati humgeukia mgonjwa zidai fedha taslimu, na Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria zenyewe kuwa kinyume cha Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kabla ya Mahakama ya Rufani kuusimamisha uamuzi huo. Wapo wenzetu wanaosema tususie mpaka mambo yanyooke. Siwezi kukubaliana nao. Kususia ni silaha ya mtu mzima wa afya. Anayepelekwa chumba cha upasuaji leo usiku hana nafasi ya kususia.

Hesabu ni hii. Harambee iliyofaulu, tuseme ya shilingi 200,000, hulipia upasuaji wa mtu mmoja. Fedha hizo hizo zingelipia mwaka mzima wa bima ya nyumba 55, kila moja na mume, mke na watoto, kwa kile kiwango cha chini. Anayeweza kuweka shilingi 10 kila siku katika chama cha jumuiya atatimiza 3,650. Asiyeweza hata hizo, na wapo, jumuiya imlipie kabla hajaugua, bila jina lake kusomwa madhabahuni. Bima haitamaliza kila bili. Saratani hasa huila ikaisha. Hapo bado tutaitana na kuchangishana. Lakini tutachangia kilichopungukia, wala si gharama nzima.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kila jumuiya wabaki baada ya chakula. Katibu ana daftari. Tuandike nyumba ambazo hazijaandikishwa, na vijana wenye simu wawaandikishe wazee kwa kubonyeza *147#. Katika ukurasa wa mwisho tuandike kila aliyedaiwa fedha taslimu ilhali amelipa bima: tarehe, kituo na kiasi. Orodha hiyo tutampelekea waziri wa afya wa kaunti na mbunge wetu, nao watatujibu kwa maandishi.