AFYA YA BAHARIA NI WENZAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Mkokoni)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya afya ya watu wanaolala vyomboni. Kazi hii sote twaijua. Wako wanaovuka kwenda Kiwayu na kupanda hadi Kiunga kwa uvuvi. Wako wanaoingia mikokoni kukata boriti, na kwa majuma kadhaa jahazi ndilo nyumba yao, ndilo jiko lao, na ndilo kitanda chao. Maji ya pipa yakipungua, yamepungua kwa nahodha na kwa mpishi pia.

Watu wa mjini hutuonea huruma. Huuliza, watu kumi waishije mahali padogo namna hiyo, bila daktari? Sisi twajibu kwamba shida zipo, lakini ipo pia dawa moja isiyouzwa dukani, nayo ni wenzetu.

Haya si maneno ya kujifariji. Mwaka 2010 wataalamu huko Marekani walikusanya uchunguzi 148 uliohusu watu 308,849. Wakaona kwamba wale wenye mafungamano mazuri na wenzao walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyo bora kwa asilimia 50 kuliko wale waliojitenga. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja katika kila watu sita duniani asumbuliwa na upweke, na kwamba upweke wahusika na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza, chomboni mtu haugui kwa siri. Asiyekula wali wake katika sinia huonekana. Aliyelegea katika kuvuta tanga huonekana. Mtu aliyepigwa na jua kali huenda akachanganyikiwa asijijue; mwenzake ndiye humvuta kivulini na kumpa maji.

Sababu ya pili ni moyo. Mtu mwenye hofu peke yake, mwili wake hukaa kama unaongojea vita: moyo waenda mbio, shinikizo la damu lapanda, usingizi wamkimbia. Hali hiyo ikidumu huharibu moyo na mishipa. Lakini aliyefua maji ya ngama pamoja na wenzake, akajua kwamba usiku yuko mtu wa zamu aliye macho, huyo hulala usingizi wa kweli.

Tutazame wenzetu wa meli kubwa za chuma. Wao wana vyumba, kila mtu na mlango wake, na wengi hulalamikia upweke. Ndiyo sababu Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 ulirekebishwa mwaka 2022, na tangu Desemba 2024 wenye meli watakiwa, kadiri iwezekanavyo, kuwapatia mabaharia intaneti ili wasitengwe na jamaa zao. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2014. Lakini ndugu, sikilizeni vizuri: mkataba huo huo wasema wazi kwamba hauhusu vyombo vya uvuvi, wala vyombo vya kienyeji kama majahazi. Wavuvi walipata mkataba wao mwaka 2007, Namba 188, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2022. Huo wataka chombo cha uvuvi kiwe na dawa, na awepo angalau mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza. Je, mkata boriti katika jahazi ana nini? Ana wenzake tu.

Hatusemi kwamba udugu waponya malaria. Tena kikombe kimoja chaweza kueneza kipindupindu, na kikohozi cha mmoja chaweza kuwa kifua kikuu cha wote. Maji yachemshwe. Anayekohoa zaidi ya majuma mawili apelekwe akapimwe. Shirika la Safari Doctors hupeleka matabibu kwa mashua vijijini mwetu upande huu wa Lamu. Wakifika, tusione haya kwenda.

Lakini lipo jambo moja linaloiharibu dawa yetu, nalo ni mgao. Pale ambapo mgonjwa hukatwa fungu lake kwa siku alizolala, atafanya nini mtu mwenye watoto? Ataficha homa. Atapanda mlingoti huku akitetemeka. Hapo, ingawa sinia bado ni moja, udugu umekwisha kufa. Wenzake hawawezi kumsaidia mtu anayewaogopa.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu.

Kwanza, anayeugua safarini apate fungu lake kamili.

Pili, sanduku la dawa lihesabiwe katika gharama za safari pamoja na mchele na mafuta, kabla ya mgao.

Tatu, kila chombo kiwe na mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza.

Wenye vyombo watasema, wavivu watajifanya wagonjwa. Twawajibu hivi: watu kumi wanaokula pamoja hawadanganyiki kwa urahisi. Mvivu hujulikana kabla nanga haijang'olewa. Mabaharia wenyewe na nahodha wao waamue nani mgonjwa. Tena wenye vyombo wapige hesabu. Aliyesema mapema hupumzika siku mbili akarudi kazini. Aliyeficha siku tatu, siku ya nne chombo kizima hakina budi kugeuza tanga kumrudisha pwani, na safari ya wote imeharibika. Ni lipi lenye hasara zaidi?

Ndugu wanachama, mambo haya yajadilini chombo kwa chombo, kisha mtuletee jibu kabla ya safari za kaskazi kuanza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuhakikishe kwamba mwenzetu akisema "naumwa", hapotezi kitu kwa kusema hivyo.