Kadi Mkononi, Mizani kwa Mwingine



Mwanafalsafa Axel Honneth aliandika mwaka 1992 kwamba mtu hukamilika pale wenzake wanapompenda, sheria inapompa haki, na jamii inapoithamini kazi yake. Mwanafalsafa mwenzake Nancy Fraser, katika kitabu walichotoa pamoja mwaka 2003, alimjibu kwamba heshima isiyogusa mgawanyo wa mali haitoshi. Ubishi wao ni mzuri. Hapa Kolwezi, kwenye machimbo ya kobalti ya Kongo, unaamuliwa kwenye meza ya depo, mahali mnunuzi anapopima na kununua mawe ya mchimbaji.

Nianze na sheria. Kanuni ya Madini ya Kongo ya 2002 ilimtambua mchimbaji wa mkono, ikampa kadi ya mwaka mmoja na haki ya kuchimba katika maeneo maalumu. Maeneo yapi? Yale yasiyofaa kuchimbwa kwa mitambo. Likionekana jiwe linalofaa viwanda, eneo laweza kufungwa. Marekebisho ya 2018 yakaongeza sharti la kujiunga na ushirika. Mchimbaji ametambuliwa, basi, kama mgeni anayekaribishwa kula makombo. Akifuata jiwe lenyewe anaingia konsesio, yaani eneo lililokabidhiwa kampuni, na huko kadi haimkingi. Juni 2019 ardhi iliporomoka kwenye konsesio ya kampuni ya Kamoto Copper (KCC), wakafa watu zaidi ya 40. Kampuni ikasema waliingia kinyume cha sheria, na serikali ikapeleka jeshi.

(Kadi za kutambuliwa hatukuzianza sisi. Mkoloni Mbelgiji alitoa kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948, na aliyetaka daraja la juu zaidi alikaguliwa hadi nyumbani kwake.)

Sasa depo. Gunia linapimwa uzito, kisha kifaa ambacho wachimbaji wanakiita Metorex kinasoma kiwango cha kobalti. Namba anaisoma mnunuzi. Mchimbaji, ambaye kwa macho na kwa uzito wa mkono ameshajua jiwe lake, anaambiwa jibu. Akibisha, abebe gunia kwa jirani, na nauli ni yake. Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Honneth: anayethaminiwa kwa maneno lakini ujuzi wake hauwezi kugusa bei, bado hajatambuliwa. Na mama anayeosha mawe mtoni yuko nyuma zaidi. Kwenye machimbo mengi haruhusiwi hata kukaribia shimo, eti madini yatatoroka, na ujira wake mara nyingi unapangwa na mwenye shimo.

Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt, iwe mnunuzi pekee wa kobalti ya mkono. Bei huenda ikatulia. Lakini mnunuzi mmoja ni kifaa kimoja, na hapo hakutakuwa tena na depo ya jirani ya kukimbilia. Kwa hiyo ushirika uwe na kifaa chake, mwanamke muoshaji awe kwenye kamati ya kupima, na namba zikitofautiana gunia lisiuzwe mpaka lipimwe upya mbele ya pande zote mbili.