Biashara Ndogo ya Mifuko ya Zawadi za Watoto Isiyochafua Mazingira

Mfuko wa zawadi za watoto ni kifurushi kidogo ambacho mwenye sherehe humpa kila mtoto aliyealikwa anapoaga kurudi kwao. Katika miji ya Tanzania desturi hii imeshika mizizi kwenye sherehe za kuzaliwa, mahafali ya chekechea, ubatizo, komunyo ya kwanza na sikukuu za Idi. Ndani yake aghalabu huwamo pipi, biskuti, puto, filimbi ya plastiki na kidude kimoja au viwili vya kuchezea kutoka soko la Kariakoo. Vingi kati ya hivyo havimalizi siku mbili. Filimbi huvunjika, puto hupasuka na karatasi za pipi huishia mtaroni. Kwa Dar es Salaam, mvua za masika huzisomba hadi Mto Msimbazi, kisha baharini.

Makala hii inaeleza namna mtu mwenye mtaji mdogo anavyoweza kutengeneza na kuuza mfuko wa namna nyingine. Msimamo wake ni huu: mfuko haustahili kuitwa rafiki wa mazingira kwa sababu tu umeshonwa kwa kitambaa au umetengenezwa kwa karatasi. Unastahili jina hilo pale ambapo wenyewe na vilivyomo vitaendelea kutumika wiki na miezi baada ya sherehe.

Sheria inavyofungua soko

Afrika Mashariki ilianza kuikataa mifuko ya plastiki mapema. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kwa Tanzania Bara kanuni za mwaka 2019 zinagusa kutengeneza, kuingiza, kuuza, kuhifadhi na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, bila kujali unene wake. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, za afya, za kilimo, za ujenzi na vya usindikaji wa chakula viliachwa nje ya katazo, kwa masharti ya ubora.

Hapo ndipo wafungashaji wengi wa zawadi wanapojikwaa. Kifungashio cha plastiki kilichoruhusiwa kwa ajili ya karanga kikigeuzwa kuwa cha kubebea vitu, kinakuwa mfuko uliokatazwa. Mwaka 2021 Serikali ililazimika kulisisitiza jambo hili upya, maana vifungashio vyepesi vilikuwa vimerudi sokoni kama vibebeo. Mifuko mbadala ile laini inayofanana na kitambaa, ambayo kwa kweli imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, nayo ina kiwango chake: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linataka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Mfuko mwepesi kuliko huo huchanika mapema, na nyuzi zake hubaki ardhini.

Kuchagua mfuko

Mfuko wa khaki ndio mwanzo rahisi. Karatasi ngumu ya kahawia hutengenezwa hapahapa nchini, kwenye kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, na mafundi wadogo hukata, hukunja na kugundisha mifuko kwa mikono. Bei yake ni ndogo, huchapwa jina la mtoto kwa muhuri wa mpira, na ukitupwa huoza. Udhaifu wake ni maji na mafuta. Visheti au kaimati vikiwekwa moja kwa moja ndani yake, mfuko hufunguka kabla mtoto hajafika nyumbani.

Aina ya pili ni mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kukaza mdomoni. Hapa inafaa kutua, kwa sababu wengi hudhani kitambaa kikishakuwa cha pamba basi kazi imekwisha. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa uchunguzi uliolinganisha mifuko ya kubebea bidhaa kwa kuhesabu athari zote za utengenezaji wake, yakiwemo maji na nishati. Ilionekana kwamba mfuko wa pamba ya kawaida ungepaswa kutumika mara zipatazo 7,100 ili ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki katika vigezo vyote, na ule wa karatasi mara 43. Uchunguzi huo haukuhesabu takataka zinazozagaa mitaani na baharini, ambazo ndizo kilio kikuu cha miji yetu, kwa hiyo si hoja ya kuirudia plastiki. Funzo lake kwa mshonaji ni jingine: kununua jora jipya la kitambaa cha marekani kwa ajili ya mifuko itakayofunguliwa mara moja ni gharama kwa mfuko wake na kwa dunia pia.

Jibu zuri liko kwa mafundi cherehani. Kila kibanda cha fundi hubaki na vipande vya vitenge, kanga na vitambaa vya sare za shule ambavyo huuzwa kwa bei ndogo au huchomwa moto. Kitambaa hicho kimekwisha kulimwa, kufumwa na kutiwa rangi. Mfuko unaotokana nacho hauongezi shamba wala kiwanda. Vipande vya ukubwa wa sentimita 20 kwa 25 vinatosha mfuko mmoja, na rangi zikitofautiana kila mtoto hupata wake asiouchanganya na wa mwenzake. Mapindo ya ndani yapigwe ovaloki ili mfuko uhimili kufuliwa. Mfuko unaofulika hugeuka kuwa wa gololi, wa penseli, wa rula, hata wa chakula cha shule, na mtengenezaji afikirie matumizi hayo tangu anapochukua vipimo. Mfuko mdogo mno kwa penseli hauna maisha ya pili.

Vikapu vidogo vya ukindu ni aina ya tatu. Vinapendeza na vinadumu miaka, lakini msusi huchukua muda mrefu kwa kila kimoja. Vinafaa oda chache za bei ya juu.

Kuhusu mifuko ya plastiki inayonadiwa kuwa inaoza, tahadhari ni lazima. Ile iliyotiwa kemikali za kuharakisha kuvunjika hugeuka chembechembe ndogo tu, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku. Ile inayotokana na wanga wa mahindi mara nyingi huhitaji mtambo maalumu wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Ikitupwa kwenye dampo la kawaida, joto hilo halipatikani.

Vitu vya ndani

Chakula cha pwani kimejaa vitafunio visivyohitaji karatasi ya plastiki kwa kila kipande: kashata za nazi, visheti, bisi, ubuyu, korosho. Vikifungwa kwa karatasi ya kuokea ndani ya mfuko, vinatosha. Ila vitafunio ndivyo vyenye hatari kubwa. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kukaanga na inayodhuru ini. Muuzaji anunue karanga kavu zilizochambuliwa, asikubali zilizokunjamana au kubadilika rangi hata zikiwa za bei ya chini. Ubuyu uliotiwa rangi ujulikane ni rangi gani: ya chakula, si ya kutilia ukindu. Lebo itaje viungo vyote, kwa kuwa wapo watoto wanaodhurika na karanga, korosho au maziwa.

Umri wa watoto uulizwe kabla ya kukubali oda. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani, na katika viwango vya kimataifa kitu cha kuchezea kinachoweza kupenya tundu la kipenyo cha milimita 31.7 huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba. Gololi, kete na vifungo vinaingia humo. Karanga nzima na pipi ngumu zisipewe watoto wa chini ya miaka 5. Puto huachwa kabisa katika mfuko wa aina hii, kwani kipande cha puto lililopasuka huziba koo la mtoto upesi.

Vifaa vya kuchezea vinavyofaa viko karibu. Pia ya mbao, tiara ya karatasi na njiti, kamba ya kuruka ya katani, mwanasesere wa vipande vya kitambaa na kijitabu cha kuchora kilichoshonwa kwa karatasi zilizochapwa upande mmoja ni kazi za mafundi wa mtaani. Mbao ziachwe bila rangi, au zipakwe mafuta ya kula yasiyo na harufu, kwa sababu baadhi ya rangi za nyumba zina risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto.

Mbegu za kupanda zimekuwa zawadi inayopendwa, na ni wazo jema: mchicha huchipua ndani ya wiki moja, mtoto akaona kazi ya mikono yake. Hata hivyo mbegu nyingi za madukani zimetiwa dawa ya kuua kuvu na kupakwa rangi ya waridi au ya buluu kama onyo. Hizo hazitiwi katika mfuko mmoja na kashata. Zitafutwe zisizo na dawa, zenye pakiti ya msambazaji anayetambuliwa na taasisi ya udhibiti wa mbegu, TOSCI.

Hesabu

Wengi hushindwa hapa, na si kwa kukosa wateja. Mfano ufuatao ni wa kukokotolea tu. Kila mmoja aweke bei za mahali pake. Oda ni ya mifuko 25. Kwa kila mmoja, mfuko wa kitenge ni shilingi 900, kashata 400, penseli mbili 400, pia ya mbao 700 na lebo 100, jumla 2,500. Muuzaji mgeni hutaja bei ya 3,000 akiamini amepata faida ya 500 kwa mfuko, yaani 12,500 kwa oda.

Amesahau mambo matatu. Bodaboda ya kupeleka mzigo ni 5,000, sawa na 200 kwa mfuko. Saa tatu za kukata, kupanga na kufunga, zikilipwa 2,000 kwa saa, ni 240 kwa mfuko. Vitu vinavyovunjika au kuharibika, kwa asilimia 5, ni 125. Gharama halisi ni 3,065, na kwa bei ya 3,000 oda nzima imeleta hasara ya 1,625. Bei ya 4,500 ingeacha 1,435 kwa mfuko, au 35,875 kwa oda. Kazi ya mwenye biashara ilipwe hata kama mkono ni wake mwenyewe. Asipoihesabu, siku atakapohitaji msaidizi hatakuwa na cha kumlipa.

Advansi ya nusu ipokewe kwa simu kabla ya kununua chochote. Mfuko wenye jina la mtoto hauna mnunuzi mwingine.

Wateja na taratibu

Waoka keki ndio mlango mkubwa wa biashara hii, kwa kuwa wao hujua tarehe ya sherehe kabla ya waalikwa. Kuwapa kamisheni ndogo kwa kila oda kunalipa kuliko matangazo. Walimu wa chekechea hufuata, hasa Novemba na Desemba wakati wa mahafali, kisha wapambaji wa kumbi. Picha za WhatsApp zioneshe mfuko ukiwa na penseli shuleni, si mezani tu, ili mzazi aone anachokilipia.

Jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara (BRELA), namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) bila malipo, na leseni hutoka halmashauri. Anayetengeneza vitafunio mwenyewe huhitaji pia kibali cha TBS, na barua ya utambulisho kutoka shirika la viwanda vidogo (SIDO) humrahisishia mjasiriamali mdogo njia ya kuipata alama ya ubora. Asiye tayari kwa hilo anunue vitafunio kwa mzalishaji mwenye alama. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Maneno "rafiki wa mazingira" yasiandikwe kwenye lebo mpaka muuzaji aweze kumweleza mzazi yeyote kila kilichomo kimetoka wapi na kitaishia wapi.